Mama Asimama Sinemani

Jumamosi, 12 Agosti 2006

Nimeshinda! Mama ametoka Sirisia mpaka hapa Kitale na ameingia sinema. Mama huyu huyu aliyenichapa nikiwa darasa la tano kwa kwenda kuona sinema ya gari, ile iliyoonyeshwa bure usiku pale sokoni.

Ukumbi wa sinema uko hotelini, una makochi ya kulalia, na bisi zinaletwa kwa bakuli. Mama alikataa kuegemea. Ati neno la Mungu halisikilizwi ukiwa umelala.

Ilikuwa filamu ya kweli, si ya kuigiza, kuhusu makanisa ya huku kwetu. Mchungaji mmoja kwenye skrini akasema, "Tuombe." Mama akasimama wima, akafumba macho.

"Mama, si ukae bana, hatuoni!" Alikuwa bwana mmoja mwenye tai, nyuma yetu. Nilitamani kujificha chini ya kochi.

Kisha mama mwingine akasimama. Halafu safu nzima. Mwishowe hata yule bwana. "Amina" ikatikisa ukumbi.

Tulipotoka akaniuliza, "Ile sinema nilikuchapia, ilihusu nini?"

"Tangazo la sabuni tu, Mama."

Getini akanigeukia. "Basi, nilikuonea."

Miaka ishirini nimengoja maneno hayo mawili.