Soude ya Kisima cha Nyangezi

Kadutu, Bukavu
14 Juni 2025

Mpendwa Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Nakuru. Kifua kimepona? Maman hajambo, ni goti tu linalomsumbua akishuka kwenda misa. Watoto wazima. Mimi pia mzima, lakini sina uso wa kukuandikia.

Umesikia kwamba kisima chetu cha mvuke kule Nyangezi kimefungwa. Asidi inayopanda na maji ya moto imelila bomba mpaka likatoboka. Wazazi wa maternité, hospitali ya uzazi iliyopata maji ya moto kutoka kisima hicho, sasa wanaoga maji baridi, na vichanga vyao vilevile.

Nawe umewaandikia wakubwa wa kisima kwamba Firmin afukuzwe, kwa kuwa ndiye mwangalizi wa pampu inayosukuma soude, yale magadi makali, ndani ya kisima. Ngoja, Yaya. Pampu ya Firmin ilifanya kazi vizuri siku zote. Tatizo ni kwamba ilikuwa inasukuma karibu maji matupu.

Desturi ya shirika letu la kanisani unaijua: mwanamke akijifungua tunampelekea sabuni. Sabuni haipikwi bila soude, na stoo ya soude ya kuua asidi ya kisima uliniachia mimi ufunguo ulipohamia kwenye visima vya Nakuru. Maman Nsimire, kiongozi wetu, alikuja na kikombe: "Bijou, unipatie soude kidogo tu, bibi ya Edouard amezaa. Ile yenu iko mingi!" Nikampa. Wakaja wengine, nikawapa. Nilipenda walivyonisifu kwa moyo wangu mkunjufu. Kwenye pipa la pampu nikawa natia soude kidogo na maji mengi, nikijidanganya kwamba kisima hakitajua.

Naona haya sana. Jana Firmin alipita hapa. "Bijou, uniombee, sijui nilikosea wapi." Nilimpa chai nikatazama sakafu mpaka akaondoka.

Kesho baada ya misa nitamwambia, kisha niende kwa wakubwa. Nimetaka wewe ujue kwanza. Barua yako juu yake iondoe leo, nakusihi.

Nisalimie mke wako Lucie na mdogo wetu Fabien. Maman anawaombea nyote. Mungu akulinde kwenye visima vya huko.

Tena Yaya, ile sabuni niliyokutumia Pasaka, uliyosema wenzako wa kazi wameisifu, ilitoka kwenye stoo yako. Ikiwa bado unayo, usiinawie.

Mdogo wako akupendaye hata kwa aibu hii,
Bijou