Taa za Nyuma za Volkswagen ya Mzee

Mwamini, acha hivyo vitunguu usome kwanza. Inosenti ameiua gari ya baba yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Si unamjua mume wangu na lile kundi lao la magari madogo ya zamani. Wakitumiana picha, yeye anaangalia taa za nyuma tu, anataja gari na mwaka wake.

Mwezi uliopita mwenzake wa kundi, Jumanne, akamtumia picha kutoka Buger, Volkswagen ya mgongo wa kobe imeegeshwa nyuma ya zizi. "Kaka, si ndiyo ya marehemu mzee?" Tangu mzee afariki Inosenti anaitafuta ile gari iliyouzwa zamani. Akaangalia taa, akacheka. "Hizo taa za sitini na nane. Ya mzee ilikuwa ya sitini na nne. Mwambie mwenyewe auze chuma chakavu."

Auze chuma chakavu. Alisema hivyo, mimi nachambua maharage pale pale.

Leo baada ya misa mama mkwe kaiona ile picha. Kasema, "Baba yako alibadilisha hizo taa baada ya kugongwa na trekta. Wewe ulikuwa bado mgongoni."

Inosenti kakimbilia Buger na pikipiki. Gari ilishakatwa wiki ileile Jumanne alipompa mwenyewe ule ujumbe. Umebaki mlango mmoja, umefanywa mlango wa banda la kuku. Kwa ndani mzee alikuwa amechora kwa msumari: INOSENTI, na tarehe ya ubatizo.

Sasa hivi Jumanne, hajui hili wala lile, katuma picha nyingine. "Kaka, hii gari gani?"

Mwamini, Inosenti kaiangalia mpaka simu ikazima. Kaiwasha tena, kaandika, "Sijui."