Shati la Jumapili Igawa

Mdogo wangu Efraim,

Ulikuwa ukinicheka: "Kaka, dunia inabonyeza, wewe bado unaandika." Leo ninaandika kwa sababu ulinipa kazi, nami sijakueleza ilivyokwenda.

Unakumbuka siku walipokuua kwenye simu. Alikuwa amefariki mtu wa jina lako hapo usharikani, na mmoja wetu akaweka picha yako katika kundi la ukoo. Wewe ulikuwa nyumbani Mlandege, unakunywa chai. Pole zikamiminika, yangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Ukajibu: "Marehemu anawashukuru. Sukari imeisha, watakaokuja waje nayo." Tulicheka hadi tuliposikia kwamba dada yetu Tabitha alianguka kule Igawa, mbele ya wateja wake wa mchele, akaugua wiki nzima. Kisha ukaniambia, "Siku yangu ya kweli ikifika, Tabitha asiambiwe na simu. Nenda wewe, kaka. Mkalishe kwanza, kama wazee walivyofanya."

Sitaki kuyaonea makundi hayo ya simuni. Ulipolazwa ukahitaji damu, binti yako Neema aliandika mistari miwili tu, na kabla ya saa saba mchana vijana wa mashine za mbao za Mafinga walikuwa wamefika hospitalini, unga wa mbao ukiwa bado nywelini mwao. Walituongezea siku kumi na moja za kuwa nawe. Ninawashukuru kwa kila moja.

Asubuhi ulipotuacha, nilimwomba Neema alifunge kundi la ukoo mpaka nifike. Nikapanda basi. Jirani yangu kitini alikuwa akitazama simuni harusi ya mwanamuziki fulani, akanieleza hata rangi ya viatu vya bibi harusi, naye bibi harusi alikuwa hajatoka kanisani. Nikaogopa. Ikiwa viatu vinasafiri kwa kasi hiyo, wewe ulikuwa umeshafika wapi?

Tabitha aliniona nikiteremka. "Kamwene, kaka! Shati la Jumapili siku ya kazi? Umekuja kuoa huku Usangu?" Akaniletea maji. Halafu akavuta kigoda, akaketi kabla sijamwambia, akanitazama. Nikasema. Sauti yangu ya ualimu, ile uliyoiita sauti ya ubaoni, ilikatika kwenye jina lako. Efraim, nilishindwa kulimaliza. Alinishika mikono, tukalia mbele ya magunia.

Jioni niliiona simu yake imezimwa.

"Wanakwaya wenzake walishaniandikia tangu asubuhi, kaka," akasema. "Lakini simu ilishamuua mara moja, akafufuka. Nikasema, kaka akija mwenyewe, basi ni kweli. Ulipoteremka na shati hilo, niliomba Mungu uwe umekuja kuoa."

Basi sikuwahi, mdogo wangu. Lakini nilifika.

Neema atajifungua karibuni. Picha ya mtoto itaenea kabla hajafumbua macho, najua. Hata hivyo nakuahidi: habari hiyo nitaipeleka Igawa mwenyewe, nikiwa nimevaa shati lile lile, ili Tabitha asiliogope tena.

Pumzika, Efraim. Chai ya Mlandege bado ina sukari nyingi mno.

Kaka yako