Nilivyomchafua Wambui wa Chapati

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na mvua imeshafika huko Taita. Mimi mwili ni mzima, na kiwandani bado tunashona suruali. Ningepiga simu, lakini ungelia kabla sijafika katikati, na haya nataka uyasikie yote.

Ile tabia ya kuwaambia kina mama wa parokia kwamba binti yako wa Ruiru ni mcha Mungu, iache. Binti yako ni mwongo. Jirani yangu hapa Kamakis, Wambui anayepika chapati, alichaguliwa na jumuiya yetu asome somo la kwanza siku askofu alipokuja kutoa kipaimara. Mimi nilikuwa nimeshashona hadi gauni la kusomea. Basi nikawanong'oneza wenzangu kwamba mumewe hakwenda Mombasa kikazi, bali amemtoroka kwa kuwa mtoto si wake. Nilitunga mwenyewe nikianua nguo. Kwa ajili ya somo la kwanza, Mama! Hata mchawi angenidharau.

Na hao wenzangu nao! Waliupokea uongo wangu kama komunyo, wakaacha kununua chapati zake, wakaacha na kumsalimia.

Dhamiri iliponibana nilikwenda kuungama Thika, maana padre wetu anaijua sauti yangu. Nikajiona mjanja. Kufika, foleni imejaa watu wa Ruiru! Mwenyekiti wetu wa jumuiya alikuwa mbele yangu, amejitanda kitambaa hadi puani. Tukajifanya hatujuani. Sijui tulidhani Mungu wa Thika ni mwingine.

Nilitarajia Salamu Maria tatu na safari njema. Padre, kijana mdogo tu, akanisikiliza hadi mwisho.

"Jina lake ulilichafulia jumuiyani," akasema. "Kalisafishe huko huko."

Nilimchukia wiki mbili nzima. Jumapili iliyopita nikasimama mbele yao, nikasema nilidanganya. Mwenyekiti akacheka.

"Ai, hiyo tulisahau kitambo! Na si unajua, lisemwalo lipo."

Wakatikisa vichwa kukubali, watu wazima na rozari zao mikononi. Walikuwa wameupenda uongo, ukweli wangu ukawa unawapotezea muda. Niliwadharau sana, kisha nikakumbuka ni nani aliyewapikia uongo huo.

Wambui mwenyewe hakuwepo, jumuiya aliacha. Nikamfuata kibandani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuacha kusukuma chapati.

"Nimesikia," akasema. "Sasa songa kando, unafungia macustomer njia."

Nikageuka kuwapisha. Hakukuwa na mtu hata mmoja.

Nimerudi kila asubuhi tangu hapo. Nanunua, nakula palepale barabarani ili wenzangu wa jumuiya wanione. Salamu yangu haitikii, na sina haki ya kumdai.

Nisalimie baba mdogo anayekulimia shamba, na dada yangu anayekaribia kujifungua. Shangazi katekista msomee barua yote, asiruke pale nilipojiita mwongo.

Ile misa unayoniombea kila mwezi, mwezi huu usitaje jina langu. Taja la Wambui. Langu ni zima, Mama, hakuna aliyeliharibu.

Ni mimi binti yako,
Mghoi