Baba Alivyosomewa Kitabu cha Getruda

Milanzi, Sumbawanga

Kwako dada Josefina,

Pokea salamu zenye baridi ya Ufipa, joto la Mpanda litazipasha. Hujambo wewe na mwanao? Sisi tunadunda. Mama mgongo unamsumbua kidogo, Getruda yuko kidato cha tatu na maringo yake, na mimi nazidi kuwa mtanashati, waulize watu wa Majengo. Namba yako haipatikani, ndiyo maana nimempa utingo wa lori barua hii.

Dada, huku paliwaka moto. Getruda alikuja na riwaya wanayofundishwa na mwalimu Cornelia. Ndani yake binti wa shule anapewa mimba, na mengine siyaandiki, nisije nikaenda kuungama bure. Jirani yetu mzee Cleophas akamwambia baba kwamba watoto wanafundishwa uhuni. Baba akakipokonya kitabu, akaapa kukipeleka kwenye mkutano wa wazazi kipigwe marufuku. Getruda akalia kwamba mtihani utamkuta mikono mitupu.

Sasa baba na maandishi unawajua, hawasalimiani. Akaniita mimi nimsomee, niweke ganda la hindi kila palipo na dhambi. Mimi wa kidato cha pili kasorobo! Nilisoma, dada, mpaka mama akaacha kupepeta ulezi. Palipokuwa pakali baba alikohoa, mama akainuka kwenda kutazama kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote. Nikachomeka ganda.

Tukafika pale baba wa yule binti anamfungia mlango, mvua inanyesha, na tumbo lake lile. Mimi nilikuwa nakuona wewe na begi lako. Baba hakukohoa. Akauliza kwa nini huyo mtoto asirudi kwao. Nikamjibu kwamba mlango si umefungwa, au hakusikia? Nikangojea kofi. Akaniambia nirudie ukurasa. Kisha akaniamuru nitoe maganda yote, nibakize moja tu, hapo.

Mkutanoni mzee Cleophas alichemka, akataka kitabu kichomwe. Mwalimu Cornelia akaomba aonyeshwe ubaya wenyewe. Baba akasimama, akampa kitabu penye ganda, akamwomba asome kwa sauti. Mwalimu akausoma ukurasa ule mpaka mwisho. Baba akasema ubaya alioukuta humo ni huo, na ni heri watoto wausikie mapema, maana yeye ameusikia akiwa na mvi. Mzee Cleophas akamdhihaki kwamba tangu lini amekuwa msomi. Watu wakacheka, baba naye akacheka, lakini alikuwa anafuta macho. Kitabu kimebaki shuleni.

Sasa nikwambie la kweli. Mpaka hapa umeniona nina moyo wa kukukumbuka. Kumbe ni baba aliyenunua karatasi hii. Yuko hapa pembeni kwenye kigoda, kila saa anauliza nimefika wapi. Amenionya nikuandikie kana kwamba ni wazo langu, nisiseme kabisa kwamba yeye ndiye anayekuita. Nikimsomea, aya hii na inayofuata nitaziruka.

Magunia ya ulezi ameyatoa chumbani kwako kwa mikono yake. Anasema njoo. Na kama bado una uchungu na hutaki kuja, basi tuambie tu mtoto anaitwa nani, maana hapa tunamwita “yule wa Mpanda”, na baba amesema hilo si jina la mjukuu wake.

Mbusu mpwa wangu, umwambie mjomba anamsubiri. Mama anakusalimu sana, na Getruda pia.

Mdogo wako, msomaji mkuu wa ukoo,
Vitus