Mpe Boflo Mgongo

Idsowe, 4 Agosti 2025

Mwanangu Joy,

Salamu kutoka nyumbani. Goti bado lanisumbua asubuhi, mengine ni mazima. Wewe na kazi ya jikoni huko Voi mwaendeleaje? Simu yangu ni ya tochi tu, kwa hiyo naandika kwenye karatasi na Metrine wa dukani ataipiga picha akutumie.

Habari ni ya mbwa wako. Ijumaa Mzee Dubow alipita akienda msikitini, kanzu imepigwa pasi. Akaninyooshea mkono tusalimiane. Boflo akamrukia, miguu miwili kifuani, akamlamba kidevu. Unajua kwao mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Swala ikampita. Hakufoka. Alisema, "Gershom, hii ni mara ya tatu. Nakupa mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Akiruka tena, aondoke." Nimekubali mbele ya wazee. Mahindi yamebakiza wiki sita, na bila Boflo watakaovuna ni nyani.

Akiruka nampiga goti, namkemea. Anadhani ni mchezo.

Baba yako, Gershom

Voi, 6 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi. Pole kwa goti; acha kulitumia kwa Boflo.

Kosa ni langu. Alipokuwa mdogo nilimnyooshea mkate juu, na akisimama kwa miguu ya nyuma nampa. Ndiyo maana akiona mkono anaruka. Nimemuuliza Kenga, anayefunza mbwa wa ulinzi hapa. Anasema ukimkemea au kumsukuma umempa anachotaka. Akiruka, mpe mgongo. Kunja mikono, usimtazame, usiseme naye. Miguu yote minne ikiwa chini, mwekee kipande cha ugali ardhini. Na kila mgeni afanye hivyo hivyo. Mmoja akimchekea, mmeanza upya.

Mwanao, Joy

Idsowe, 13 Agosti 2025

Mwanangu,

Tumeamka salama, na goti limepungua. Natumai nawe hujambo.

Mimi sasa hanirukii. Shida ni wageni. Jirani yetu Nyevu alikuja kuazima jembe, nikamwambia ampe mbwa mgongo. Akacheka, akarukiwa. Na hapa hakuna anayefika bila kutoa mkono. Siwezi kuwakataza watu salamu kwa ajili ya mbwa.

Nimemwendea Dubow mwenyewe. Nikamwomba aje kila jioni na nguo zake za machungani, tusalimiane mbwa akiwepo. "Niliyerukiwa ndiye mwalimu?" akasema. Kisha akauliza saa ngapi.

Baba yako

Voi, 23 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Goti je? Siku kumi sina neno lako, na simu yako haipatikani. Jana mtu wa Tarasaa alipita hapa akasema wewe na Mzee Dubow mmekosana, mnapeana mgongo hadharani, na vijana wa pande zote mbili, wakulima wetu na wafugaji wa kwao, wameanza kukusanyika. Kama ni Boflo, mtoe leo. Mahindi yaende. Sili, silali. Nijibu hata mstari mmoja.

Likizo yangu ni tarehe sita. Nitakuja.

Joy wako

Idsowe, 25 Agosti 2025

Mwanangu,

Pole kwa wasiwasi. Mimi ni mzima. Simu iliingia maji, na Metrine alikuwa msibani Malindi.

Hatujakosana. Dubow hufika, hunyoosha mkono, Boflo huruka, na sote wawili hugeuka. Tukiwa tumegeuka tunaendelea: ng'ombe je, mto je, watoto je. Salamu zetu unazijua urefu. Wapita njia wakaona wazee wawili wamepeana mgongo, mikono imekunjwa, wakapeleka habari bila kuuliza.

Juzi jioni vijana wetu walikuja na fimbo. Wa kwao wakasimama ng'ambo ya mfereji, nao na fimbo. Dubow akawaita wote. "Pangeni mstari. Weka fimbo, nyoosha mkono. Ukirukiwa, geuka." Omar, yule mrefu, aligeuka kwa pupa akatumbukia mferejini. Hapo ndipo walipocheka. Boflo hajawahi kupata wageni ishirini kwa siku moja.

Mimi sikucheka. Fimbo niliziona.

Baba yako

Idsowe, 30 Agosti 2025

Mwanangu Joy,

Bila shaka umeamka ukisubiri hii, basi salamu nazifupisha.

Jana Dubow alikuja na kanzu ile ile. Wazee walikuwepo. Akaninyooshea mkono. Boflo akainua mguu mmoja, ukabaki hewani. Kisha akaurudisha, akakaa. Dubow akatoa kipande cha mkate mfukoni, akakidondosha chini, akaenda kuswali. Aliwahi.

Mbwa anabaki.

Umebaki wewe. Jumamosi ijayo atakusikia kabla hujafika uani, na wewe ndiye uliyemfunza kuruka. Usimwite jina. Usitoe mkono. Mpe mgongo mpaka miguu yote iwe chini, hata akilia. Nami nitakuwa nimesimama hapo hapo. Usinisalimie mpaka atulie. Nitangoja.

Baba yako, Gershom