Chini ya Jina la Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Taipu tangu asubuhi. Mgongo unauma. Karatasi zimeadimika, kwa hiyo nimebana orodha mbili ukurasa mmoja: juu kaya kumi na moja za kuhamia kijiji kipya, chini kaya tatu za kuachwa kwa sasa. Wagonjwa wawili, na Nyamizi, mzazi wa siku nne. Katibu wa kata alinisimamia kichwani akihimiza, lori linanguruma nje. Chakula kilipoa.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua ya kwanza. Mzee Hamisi, dereva wetu, karudi. Kapeleka kaya kumi na nne.

Nimeichomoa nakala ya kaboni. Sikupiga mstari chini ya jina la kumi na moja. Wala neno MWISHO. Wala kichwa cha orodha ya pili. Majina yamefuatana tu, na dereva husoma kwenda chini mpaka azuiwe. Miaka tisa ya ukarani!

Alhamisi, 7 Novemba
Mtoto wa Nyamizi amefariki. Kule hakuna nyumba, miti mitupu imesimikwa. Walishushwa mvuani. Najichukia.

Ijumaa, 8 Novemba
Katibu kamsimamisha kazi Mzee Hamisi. Eti kabeba watu bila idhini. Mzee alinigeukia: "Mwanangu, si karatasi ndiyo ilisema?" Nikaangalia viatu vyangu. Mwoga mkubwa mimi. Baadaye Katibu kaniambia niichome nakala.

Jumamosi, 9 Novemba
Sijaichoma. Nimepekua nakala zote za mwezi uliopita. Mbili nyingine hazina mstari. Hazikudhuru mtu kwa kuwa chini yake palikuwa patupu. Bahati tu, si kazi nzuri. Kuanzia leo napiga mstari wa mwisho kabla sijaandika jina la kwanza, kisha narudi juu, najaza kwenda chini.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimempelekea mkubwa wa wilaya nakala. Nimesema kosa ni langu. Mzee Hamisi karudishwa kazini. Mimi nisubiri barua. Katibu hanisemeshi.

Jumanne, 12 Novemba
Nimepanda lori la Mzee mpaka kijiji kipya. Nyamizi alikuwa anakanda udongo wa ukuta. Nilimweleza yote. Kisha akauliza kama mtoto naye aliandikwa kwenye karatasi ile. Nikasema hapana, nilidhani hajapewa jina.

"Alikuwa nalo," akasema. "Masanja."

Akaendelea kukanda. Nikachukua ndoo, nikamletea maji mpaka Mzee aliponiita turudi.